Shubiri tatu na nusu: kwa nini kiti cha ekonomi kiko vile kilivyo

Saa saba usiku. Tuliiacha JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kama saa moja iliyopita, taa zimepunguzwa, na mzee aliyekaa mbele yangu ameamua kulala. Anabonyeza kitufe, mgongo wa kiti chake unanijia usoni, na chai iliyokuwa kwenye kimeza changu inanimwagikia mapajani. Hana kosa. Kitufe kiko pale ili kibonyezwe, na kiti amekilipia. Mimi pia nimelipa. Shida ni kwamba sisi wawili tumeuziwa nafasi moja.

Nikajipa kazi ya kupima. Sikuwa na futi mfukoni, nikatumia shubiri, kama shangazi yangu alivyokuwa akipima kitambaa cha pazia. Kutoka ukingo wa kiti changu hadi ukingo uleule wa kiti cha mbele nilipata shubiri tatu na nusu hivi. Shubiri yangu ni kama inchi 9, kwa hiyo tunazungumzia inchi 31.

Wengi hudhani kipimo hicho ni nafasi ya miguu. Sicho. Ni umbali kati ya kiti na kiti, na ndani yake mna unene wa kiti chenyewe, mto wake, mfuko wa majarida, ndipo yaje magoti yako. Miaka ya 1970 inchi 34 au 35 zilikuwa jambo la kawaida. Leo 30 au 31 ndizo za kawaida, na mashirika ya bei nafuu yameshuka hadi 28. Wao hujitetea kwamba viti vya kisasa ni vyembamba, kwa hiyo goti halijapoteza kitu. Kuna ukweli kidogo hapo, ila goti langu halikuulizwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko inavyoonekana. Chukua ndege yenye safu 30 za ekonomi. Ukikata inchi moja tu kila safu umepata inchi 30, yaani karibu safu nzima mpya, na katika ndege ndogo safu ni viti sita vya kuuza kila siku, kila safari, kwa miaka ishirini. Ndiyo maana Boeing 737-800 ileile shirika moja litaiwekea viti 145 na jingine 189. Dirisha na mabawa ni yaleyale.

Kwa nini waishie 189? Hapo ndipo sheria inapoingia, na haiingii kwa ajili ya starehe. Mtengenezaji sharti aonyeshe kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Idadi ya milango ndiyo inayoweka kikomo cha watu. Urefu wa paja lako haumo kwenye hesabu hiyo.

Sisi wa Nairobi tunaijua hali hii. Kabla ya Februari 2004 matatu ilibeba watu kadiri makanga alivyoweza kuwapanga. Ulikaa kwenye ubao uliotandikwa kati ya viti viwili na hukulalamika, kwa kuwa kuna mwenzako aliyekuwa akining'inia mlangoni. Kisha John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, akaleta kanuni zake: abiria 14, kila mmoja kiti chake na mkanda wake. Angani hajatokea Michuki. Mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitaka mamlaka ya anga ya huko iweke vipimo vya chini vya viti. Mamlaka ikafanya majaribio ya watu kutoka kwenye ndege, ikapokea maoni ya wananchi kwa maelfu, na bado inchi hazijawekewa sakafu.

Upana nao una kisa chake. Boeing 787 ilipobuniwa, mpango ulikuwa viti vinane au tisa kila safu. Kwa vinane unakaa vizuri. Kwa tisa unapata kama inchi 17, na kiwiko cha jirani kinakuwa chako. Japan Airlines walibaki na vinane katika safari zao za kimataifa. Karibu kila mtu mwingine alichagua tisa. Usiku ule kiti cha kati, kati yangu na kijana aliyevaa vifaa vya masikioni tangu langoni, alikaa mama mmoja aliyekuwa anaenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alivumilia hadi tulipopita juu ya Turkana, kisha akaniinamia.

"Kijana, hii mkono ya kiti ni yangu ama ni yako?"

"Ni yako, mama. Anayekaa katikati anapewa zote mbili."

"Basi mwambie na huyo."

Sheria hiyo ya mikono haijaandikwa popote, lakini wanaosafiri sana huifuata: wa dirishani ana ukuta wa kuegemea, wa njiani ana upenyo wa kunyoosha mguu, wa katikati hana kitu, basi mpeni mikono.

Kabla sijafika kwenye bei, nieleze kwanza kwa nini safari nyingi ndefu kutoka hapa huanza wakati watu wazima wanapaswa kuwa kitandani. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini inapata nguvu pungufu, bawa linainua kidogo, na jua la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Hiyo ni mojawapo ya sababu barabara yetu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na tano, kama ile ya Kenya Airways iliyoanza kwenda New York moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, hupenda ubaridi wa usiku. Sababu ya pili ni ya kibiashara: ukiondoka usiku wa manane unafika Ulaya asubuhi, na ndege za kuunganisha zipo tele.

Ukishapaa, urefu unaanza kukuchezea kwa namna nyingine. Hewa ya ndani haishindiliwi hadi iwe kama ya pwani. Katika ndege nyingi huachwa kwenye kiwango cha kama mita 2,400, maana yake umeketi Iten, kule milimani kwa wakimbiaji, ila bila kukimbia. Mwili wa 787 umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, unastahimili shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo wao hukuweka kwenye mita 1,800, yaani Nairobi hadi Nakuru. Mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa. Nadhani ndugu zetu wa Mombasa ndio huanza kuumwa kichwa.

Unyevu wa hewa hiyo huwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo pua inakauka, na injini zinanguruma bila kupumzika. Ulimi nao hubadilika. Mwaka 2010 shirika la Lufthansa liliwaomba watafiti wa taasisi ya Fraunhofer walichunguze jambo hili, nao wakakuta kwamba katika mazingira ya ndani ya ndege chumvi na sukari hupungua makali mdomoni. Nyanya haziathiriki sana. Ndiyo maana mtu ambaye nyumbani hagusi juisi ya nyanya huiagiza akiwa angani. Kwa hiyo kuku wa ndege akikosa ladha, mpishi ana nusu tu ya lawama.

Usiku ule hatukufika hata kwenye suala la ladha. Kigari kilianzia mbele. Kilipofika kwetu, safu ya pili kutoka choo cha nyuma, mhudumu aliinama kwa tabasamu la pole. Kuku ameisha, imebaki pasta. Mama akaitazama ile pasta kama mtu anayetazamishwa barua ya wakili.

"Kuku ameisha? Si sote tulilipa pesa ileile?"

Hapana, mama. Na hapo ndipo penye moyo wa jambo lote.

Ukitaka kuelewa bei ya tiketi ya ndege, simama kituoni saa kumi na mbili jioni mawingu yakitanda. Makanga alikuwa anaita "Rongai mia, Rongai mia". Tone la kwanza likianguka, sauti haibadiliki ila nambari imebadilika: mia mbili. Gari halijaongezwa hata msumari. Kilichopanda ni hofu yako ya kulowa. Mashirika ya ndege yanafanya vivyo hivyo, ila mvua yao imo ndani ya kompyuta. Viti vya ekonomi vinavyofanana kabisa hugawanywa katika mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Fungu la rahisi likiisha, linafunguliwa linalofuata. Aliyenunua miezi mitatu kabla alipata fungu la chini. Aliyefiwa jana na lazima afike kesho atapewa la juu, kwa kuwa kompyuta inajua hana njia nyingine. American Airlines ndio walioikomaza hesabu hii mwaka 1985, walipokuwa wakipambana na People Express, shirika lililokuwa likiuza tiketi kwa bei ya kutupa.

Kama unaona huo ni unyang'anyi, tazama upande wa pili. Treni ya Madaraka Express ya Mombasa ina nauli isiyobadilika: tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500, iwe Mei au wiki ya Krismasi. Haki tupu. Matokeo yake ni kwamba Desemba tiketi zinaisha mapema, na mwenye dharura analala Nairobi hata kama yuko tayari kulipa mara tatu. Basi na ndege hupandisha bei na nafasi hubaki. Treni hushikilia bei na nafasi hutoweka. Mimi binafsi sijaamua ni ipi inayoniudhi zaidi. Inategemea kama nimefiwa.

Wala mashirika hayaogelei pesa. IATA, jumuiya yao ya kimataifa, ilikadiria kwamba mwaka 2025 shirika la kawaida duniani lingebaki na faida ya takriban dola 7 kwa kila abiria. Kwa mashirika ya Afrika ilikuwa kama dola 1. Dola 1 ni nauli ya Rongai, tena siku isiyo na mvua. Kwa hiyo kila kitu kidogo hugeuka vita: zeituni moja kwenye saladi, unene wa jarida, uzito wa kigari.

Pesa ya maana iko mbele. Dreamliner za Kenya Airways, yaani zile Boeing 787, zina viti 234, na 30 tu kati yake ni vya daraja la biashara, lakini kimoja cha hivyo kinaweza kuuzwa mara tatu au nne ya cha nyuma. Shirika linaishi kwa wale 30. Sasa jiulize: mtu mwenye uwezo wa kulipa bei ile atalipa kwa nini, kama kule nyuma kunavumilika?

Swali hilo lilijibiwa zamani, na mhandisi Mfaransa aliyeitwa Jules Dupuit. Mwaka 1849, akizungumzia treni, aliwaeleza wenzake kwa nini mabehewa ya daraja la tatu hayakuwa na paa. Paa ni mbao chache. Halikuachwa kwa kukosa pesa, wala kwa kuwachukia maskini. Liliachwa ili mwenye uwezo wa daraja la pili aogope kupanda la tatu. Maskini alinyeshewa ili tajiri atishike.

Bibi zetu waliopanda reli ya Uganda wangemwelewa Dupuit haraka. Kule daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu letu, na wote walifika Mombasa saa ileile. Leo hakuna anayekuuliza rangi. Unaulizwa kadi ya benki. Ila mantiki ya paa ingalipo, na limekatwa vipande ili liuzwe kimoja kimoja: kuchagua kiti, kubadilisha tarehe, kukaa karibu na mwanao, kuingia mapema. Mwaka 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na wenzao wakubwa wengi wakafuata. Hata namna ya kupanda ndege ni bidhaa. Mwaka huohuo mwanafizikia Jason Steffen alionyesha kwa hesabu kwamba kuna utaratibu wa kuwaingiza abiria unaookoa muda mwingi: wa madirishani kwanza, wakiruka safu moja moja ili wasigongane wakipandisha mizigo. Mashirika hayana haja nao. Wakikuingiza kwa hesabu hiyo, watamuuzia nani nafasi ya kutangulia?

Badala yake tunapitishwa katikati ya wale 30, wameshanyoosha miguu, glasi mkononi, nasi tumebeba koti na mtoto. Mwaka 2016 watafiti Katherine DeCelles na Michael Norton walidai kwamba ugomvi wa abiria wa ekonomi huwa mwingi zaidi kwenye ndege zenye daraja la kwanza, hasa mkipitishwa humo. Baadhi ya wanatakwimu waliikosoa sana hesabu yao. Mimi sina takwimu, nina mama wa kiti cha kati, aliyepita pale akisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe kuna vitanda."

Kwenye mizigo nitakawia kidogo, maana hapo ndipo Nairobi hujitambulisha. Fika JKIA saa tatu kabla ya safari ya Ulaya au Marekani utazame sakafu karibu na mizani. Masanduku yamefunguliwa kama duka la mtumba. Mizani imesema kilo 26, mwisho ni 23. Sasa ni kuchagua hadharani: pakiti nne za unga wa mahindi, majani ya chai, omena waliofungwa mara tatu ili wasitangaze wenyewe, kikoi cha zawadi, viatu vya kazi. Baba anashika pakiti ya unga, anaitazama, anairudisha. Shangazi anavaa sweta mbili. Unga unahamia kwenye begi la mkononi, la mkononi nalo linapimwa, mnaanza upya. Nambari 23 haikuokotwa barabarani: inahusiana na migongo ya vijana wanaopakia mizigo kwa mikono chini ya ndege. Likipita kilo 23 begi hubandikwa alama ya uzito, na zaidi ya 32 viwanja vingi havilipokei kabisa. Lakini kuamua begi la pili ni bure au ni la kulipia, hilo ni soko tu. Ndiyo maana unapolinganisha tiketi mbili usitazame nambari kubwa peke yake. Tiketi iliyo rahisi kwa shilingi 8,000 isiyo na begi, kwa mtu anayepeleka unga, ni ghali.

Jambo jingine linalowachoma watu ni kuuziwa kiti kisichokuwepo. Mashirika huuza tiketi kupita idadi ya viti makusudi, kwa sababu siku zote wapo wasiotokea, na kiti kikipaa kitupu ni kama sukuma wiki ya mama mboga saa tatu usiku. Wote wakitokea, mtu anaachwa. Mwanauchumi Julian Simon alipendekeza mwaka 1968 kwamba wasiburute mtu: kila abiria aandike kiasi cha chini kabisa atakachokubali ili abaki, na aliyetaja kidogo zaidi alipwe abaki. Walimcheka. Muongo mmoja baadaye Marekani ikaufanya kuwa utaratibu.

Na kwetu? Inategemea umepanda nani na unatoka wapi, jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, humpa abiria hadi yuro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 akinyimwa kiti, au akichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi, ikiwa sababu iko chini ya uwezo wa shirika. Ukitoka Nairobi kwenda Paris kwa shirika la nchi ya Umoja wa Ulaya, umo. Ukienda kwa shirika lisilo la Umoja huo, haumo. Ukirudi kutoka Paris, umo, hata kwa shirika lolote. Safari moja, pande mbili, haki tofauti. Kwa mizigo kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeuridhia: begi likipotea, likichelewa au likiharibika, kikomo cha fidia tangu mwisho wa 2024 ni vipimo 1,519 vya sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kama dola 2,000. Kwa begi lililochelewa unaandika malalamiko ndani ya siku 21 tangu ulipopewa. Kwa lililoharibika ni siku 7 tu. Na kabla hujatoka uwanjani, nenda kwenye dawati la mizigo ujaze fomu, hata kama teksi inakusubiri na wajomba wamekuja na maua.

Nyanyuka pia utembee. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa tuli zaidi ya saa nne huongeza kama mara mbili hatari ya damu kuganda mishipani, ingawa bado ni mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Daraja la biashara halikuokoi, wala basi la usiku la Mombasa.

Tulitua asubuhi kwenye ukungu. Taa ya mkanda ilipozimwa watu wote walisimama, shingo zimepinda chini ya makabati, wakisubiri mlango ambao haungefunguka kwa dakika kumi nyingine. Mama peke yake alibaki ameketi, mikono yote miwili ya kiti mali yake. Begi langu halikutoka. Nilijaza fomu kama nilivyoshauri hapo juu, na siku ya nne likaletwa mlangoni, gurudumu moja halipo na unga wa binamu yangu umepakwa kwenye suti yangu yote. Niliweka risiti vizuri, nikapiga picha, nikaandika barua nzuri yenye vifungu vya Montreal. Niliituma siku ya tisa tangu begi liletwe. Wakanijibu siku hiyohiyo, kwa adabu sana.